Mgao wa Kunyamaza

Harufu ya petroli haikuwahi kumsumbua Ngazi. Ilikuwa kwenye shati lake, kwenye nywele, kwenye mto aliolalia, na mkewe alishaacha kulalamika siku nyingi. Kilichomtia kinyaa pale kituoni ni maneno. Maneno yale yale yaliyotafunwa na kila mtu, mwezi baada ya mwezi, hata yeye mwenyewe akawa akiyatema bila kuyaonja.

Jina la Ngazi alipewa na madereva. Alikuwa mrefu, tena mwembamba, na kituo kilikuwa na bango la bei la kizamani, lenye tarakimu za bati zinazochomekwa kwa mkono. Serikali ilitangaza bei mpya mara moja kwa mwezi, na ikishatangaza, yeye ndiye aliyepanda ngazi akiwa na mfuko wa tarakimu begani, akachomoa hii, akapachika ile, huku watu chini wakimtukana kana kwamba bei ameitunga yeye kitandani kwake. Mwanzoni matusi yalimuuma. Baadaye aliyazoea, kama anavyozoea mtu kelele za jirani.

Meneja ndiye aliyekuwa na maelezo. Alikuwa mtu wa shati jeupe na simu mbili, na ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa la kioo lililotazama pampu zote. Bei ikipanda, alitoka nje akasimama kivulini, akawaeleza wateja kwa upole kama daktari. Mwezi huu ni vita huko mbali. Mwezi ule meli zimechelewa. Mara dola imepanda, mara kodi, mara wenye visima vyao wamekaa mkutano wakakubaliana kuchimba kidogo ili wauze ghali. Na tuseme haki, mengi ya hayo yalikuwa kweli. Mafuta yanatoka mbali, yananunuliwa kwa fedha za wenyewe, yanapita mikononi mwa watu wengi, na kila mkono unaondoka umelowa. Hilo Ngazi alilielewa na hakuwa na ugomvi nalo.

Alichoshindwa kukimeza ni jinsi ukweli ule ulivyokuwa na mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Meli ikichelewa, bei ilipanda leo leo, hata kwa mafuta yaliyokuwa yamelala chini ya ardhi pale kituoni tangu wiki iliyopita, yaliyonunuliwa kwa bei nafuu. Lakini meli zikiwahi na bei ikishuka, ghafla kila mtu alikumbuka kwamba yaliyomo kwenye tangi ni mzigo wa zamani, ulionunuliwa ghali, na lazima uishe kwanza. Huo mzigo wa zamani ulikuwa na umri mrefu ajabu. Ungeweza kuoa na kupata wajukuu kabla haujaisha.

Halafu kulikuwa na kukauka. Zikianza kuvuma habari kwamba bei itapanda, Meneja aliwaita wapiga pampu wote ofisini, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, kuanzia sasa tumekauka." Basi. Wakaenda wakavika mikono ya pampu mifuko ya plastiki, wakapanga koni mlangoni, wakakaa kwenye ndoo zilizofudikizwa wakiwaambia watu kwamba mafuta yamekwisha. Na tangi liko pale pale chini ya miguu yao, limejaa hadi shingoni. Bei mpya ikishaanza, mifuko ilivuliwa na mafuta yakapatikana, kwa kudra tu.

Kwa kazi hiyo ya kudanganya, kila mpiga pampu alipewa dumu moja la petroli asubuhi kabla ya kufunga. Meneja aliliita motisha. Wapiga pampu, wakiwa peke yao, waliliita mgao wa kunyamaza. Mara ya kwanza Ngazi alipopewa la kwake alilificha uvunguni mwa kitanda, akashindwa kula chakula cha jioni. Mara ya pili alikula. Siku hizi alikuwa na mteja wa kudumu, jamaa mmoja waliyemwita Chupa, aliyekaa kona ya pili akiuza petroli kwenye chupa za maji nyakati za shida, kwa bei ya kukomoa. Dumu lilitoka kituoni asubuhi, likaingia kwa Chupa kabla jua halijakolea, na Ngazi akarudi kwenye ndoo yake kukanusha kwamba mafuta yapo.

Kitu kimoja alijivunia katika uchafu ule. Hajawahi kumdanganya dada yake.

Dada yake ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Ngazi alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ukawa wa dada. Hakuolewa mapema kwa ajili yake, hakusoma zaidi kwa ajili yake, na hakuwahi kumwimbia wimbo huo. Sasa alikuwa mama mtu mzima, mtaani anajulikana kwa jina la Mama Vifaranga, kwa sababu alikuwa na mashine ya kutotolea mayai katika chumba cha nyuma ya nyumba. Watu walimletea mayai yao, yeye akayalaza kwenye trei, akayageuza, akayapulizia maji, akalinda joto usiku na mchana. Vifaranga wakitoka, mwenye mayai alichukua wake na yeye alibaki na sehemu yake. Kwa mashine hiyo alijenga, akasomesha watoto, akanunua jenereta ndogo ya dharura. Mtaa mzima ulimwamini kwa sababu moja: yai lako likiharibika, alikuambia limeharibika, na sababu akaitaja hata kama kosa ni lake.

Mwezi huo transfoma ya mtaa iliungua. Umeme ukakatika, na mafundi wa umeme wakaja, wakatazama juu, wakatikisa kichwa, wakaondoka. Mama Vifaranga akawasha jenereta. Trei zote zilikuwa zimejaa, tena mayai yamefikia siku za mwisho, zile siku ambazo ukiweka yai sikioni unasikia mlio kwa ndani. Joto likikatika siku hizo, kifaranga anafia ndani ya ganda akiwa na manyoya yake kamili.

Na ndiyo wiki hiyo hiyo zilipovuma habari za bei. Siku ya kutangaza ikafika, na kila mwenye simu alikuwa na binamu serikalini aliyemwambia kwamba safari hii itapanda vibaya. Asubuhi Meneja akawaita, akafunga mlango, akasema lile neno lake. Ngazi akapokea dumu, akalipeleka kwa Chupa, akapokea fedha yake, akarudi.

Kufikia saa nne foleni ilikuwa imefika barabarani. Pikipiki, magari, watu wenye madumu. Walikuwa hawaondoki. Mbele kabisa alikuwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtu wa mabega mapana, ambaye naye alikuwa hana umeme na alikuwa na mageti ya watu ya kumaliza. Huyu alikuwa amekataa katakata.

"Mnatuona watoto," alisema fundi. "Hayajaisha. Mnasubiri kesho mtuuzie kwa bei mpya."

"Kaka, tumekauka," Ngazi alijibu, uso mkavu. "Lori limechelewa. Ungekuwa unaona tangi, ungeona mwenyewe."

"Nifungulie nilione basi."

"Funguo anazo Meneja."

"Na Meneja anazo za nini, kama ndani hamna kitu?"

Watu wakacheka, lakini kicheko cha hasira. Ngazi aliinua macho akamwona Meneja amesimama nyuma ya kioo, mikono nyuma, anatazama. Aliporudisha macho chini akamwona dada yake anapita kando ya foleni, dumu tupu mkononi, kitenge kimefungwa haraka haraka kiunoni.

Hakuja kwa kujificha. Alikuja waziwazi, kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

"Mdogo wangu," alisema, anahema. "Jenereta imebakiwa na mafuta ya kufika jioni tu. Nipe kidogo, hata chini ya nusu dumu. Mayai yanalia."

Fundi akadakia. "Mama, usisumbuke. Wanayo, wameyaficha. Huyu mrefu ametugandisha hapa tangu asubuhi na uongo wake."

Mama Vifaranga akageuka. Hakukasirika. Alimtazama yule fundi kama anavyotazamwa mtu asiyejua. "Huyu ni mdogo wangu. Nimemlea mimi, kwa mikono hii. Mengine mnaweza kumsema, lakini hawezi kunificha kitu mimi." Akamgeukia ndugu yake. "Sema watu wasikie. Yapo au hayapo?"

Hapo ndipo Ngazi angeweza kuwa mtu. Mimi ninayewasimulia nimewaza sana habari hii, na sioni kama kulikuwa na ugumu wowote zaidi ya neno moja. Angesema "yapo", foleni ingeingia ofisini, kioo cha Meneja kingeumia, na kazi ingekwenda na maji. Kazi, kodi ya nyumba, ada ya watoto. Vitu vyenye uzito, sikatai. Aliviona vyote kwa mpigo. Alimwona na Meneja. Kisha mdomo wake ukafanya kile ulichozoeshwa.

"Hayapo, dada. Tumekauka."

Alitaraji dada abishe. Alitaraji hata amsonye. Mama Vifaranga aliitikia kwa kichwa tu, akaigeukia foleni, akapaza sauti.

"Haya, mmesikia. Kama ndugu yangu ananiambia mimi hayapo, basi hayapo. Msikae juani bure, nendeni mkatafute kwingine mapema."

Na wakaenda. Hilo ndilo lililomkalisha Ngazi kwenye ndoo. Watu waliokataa kuondoka kwa maneno yake na kwa koni za Meneja waliondoka kwa neno la dada yake. Wengi wao walimjua. Pikipiki zikageuzwa, madumu yakabebwa. Hata fundi alisema, "Sawa, Mama Vifaranga, ukisema wewe," akaondoka akisukuma mkokoteni wake.

Meneja alitoka nje ya ofisi anatabasamu. "Umefanya jambo la maana kumwita dada yako," alisema.

"Sikumwita."

"Vyovyote. Ametusaidia."

Ngazi akasimama. "Bosi, naomba lita chache nimpelekee. Nitapita mlango wa nyuma. Ana mayai ya watu."

"Lita chache za nini?" Meneja aliuliza, na uso wake haukuwa na hata chembe ya mzaha. "Si tumekauka?"

Alipotoka kazini jioni, Ngazi alikwenda moja kwa moja kona ya pili. Fedha aliyopewa asubuhi ilikuwa bado mfukoni, hajaigusa, na alikuwa tayari kuirudisha yote. Chupa alikuwa anakusanya faneli na vitambaa vyake.

"Yameisha, kaka," Chupa alisema. "Na mimi nimekauka."

Ngazi alimkazia macho. Alijaribu kutambua kama anadanganywa, akagundua kwamba hawezi. Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mno, hata hakujua tena yanavyosikika yakiwa ya kweli.

"Ila usijali," Chupa aliendelea. "Dada yako amepata. Nimempa chupa mbili. Hela yake ilifika hapo tu. Na nimempunguzia, kwa heshima yako."

Petroli yake mwenyewe. Ile aliyopewa bure ili anyamaze, dada yake ameinunua kwa bei ya kukomoa, akapunguziwa kwa heshima yake. Ngazi alitaka kutema mate, na mate hayakuwepo. Alipaswa kwenda kwa dada yake hapo hapo, hata mikono mitupu, hata kupuliza mkaa tu. Badala yake alijiambia kwamba chupa mbili zitatosha mpaka asubuhi, akaenda nyumbani akalala na viatu.

Serikali ilitangaza bei jioni hiyo hiyo, na wale mabinamu wote walikuwa wamekosea. Bei ilishuka. Haikushuka kwa mengi, lakini ilishuka.

Asubuhi Ngazi alikuta mifuko ya plastiki imeshavuliwa na koni zimeondolewa. Meneja alikuwa anatembea huku na huko kama kuku anayetaka kutaga. Tangi lililojaa, mafuta aliyoyaficha yapate bei, sasa kila saa iliyopita yalimharibikia mkononi.

"Pigeni pampu," alisema. "Haraka haraka. Bei ile ile ya jana. Ngazi, usipande kwanza, bango tutabadilisha mzigo wa zamani ukiisha."

"Na watu wakiuliza?"

"Lori limeingia alfajiri."

Watu waliuliza. Kila mmoja aliuliza, na Ngazi aliwajibu, lori limeingia alfajiri, lori limeingia alfajiri, huku mkono wake ukijaza matangi yao. Wengine walikwishasikia redio wakadai bei mpya, naye akawaeleza habari za mzigo wa zamani. Hakuna aliyeuliza inakuwaje lori lililoingia alfajiri limeleta mzigo wa zamani. Labda walikuwa wamechoka. Au nao walikuwa na kinyaa, wakaona afadhali kulipa na kuondoka.

Saa sita alijaza dumu kwa fedha yake, akaomba ruhusa, akakodi pikipiki.

Aliposhuka hakusikia jenereta. Uani, dada yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, na trei zimepangwa mbele yake chini ya ukuta. Majiko mawili ya mkaa yaliyozimika yalikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma, na mablanketi ya nyumba nzima, hata la watoto, yalikuwa yamelundikwa juu ya mashine. Alikuwa anachukua yai moja moja, analiweka sikioni, analisikiliza, kisha analiweka kwenye ndoo. Mengine yalikuwa yametobolewa kwa ndani, na mdomo mdogo wa kifaranga umechungulia ukaishia hapo hapo. Nzi walikuwa wameshajua. Katika boksi la viatu kando yake walikuwemo waliosalimika, wachache, wamejikunyata, hawalii.

"Jenereta ilizimika kabla ya kucha," alisema bila kuinua kichwa. "Nimepuliza mkaa mpaka nimeona kizunguzungu. Majirani wamekuja asubuhi wakaniambia kituoni kwenu mafuta yapo. Nimewaambia ni kweli, lori litakuwa limepita usiku. Ingawa sikulala, na sikulisikia."

Akaliweka yai lingine sikioni. Akalishusha.

"Lori hakuna, dada," Ngazi alisema. Alikuwa bado ameshika dumu. "Yalikuwepo. Tangu jana yalikuwepo, tangi limejaa. Uliponiuliza yalikuwepo." Na kwa kuwa alikwisha kuanza, akamaliza. "Na zile chupa mbili za kule kona, mimi ndiye niliyemuuzia yule jamaa. Asubuhi, kabla hujaja."

Alingoja apigwe. Zamani, alipokuwa mdogo, alipigwa kwa madogo zaidi ya hayo, kisha akapakatwa. Mama Vifaranga alitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na ute wa mayai hadi kwenye viwiko, akaifuta polepole kwenye kitenge.

"Ungeninyima mimi, ningekuelewa," alisema. "Una watoto. Ungenikonyeza tu ningeondoka kimya. Lakini umeniacha nisimame mbele za watu niwaambie waende. Mayai haya si yangu hata. Kila mwenye yai atakuja hapa, na nitamwambia ukweli, kama siku zote. Sijui tu kama wataniamini."

"Nitawaambia mimi, dada. Kila mmoja. Naapa."

Dada yake alinyanyuka, akamwonyesha jembe lililoegemezwa ukutani, na Ngazi akavua shati lake la kazi, akaanza kuchimba shimo nyuma ya choo. Alichimba kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu jana alijisikia nafuu kidogo, maana amekwisha kusema, na kilichosemwa hakirudi tumboni.

Shimo lilikuwa limefika magotini mlango wa uani ulipogongwa. Aliingia yule fundi wa kuchomelea. Alikuwa ametokea kituoni, kwa kuwa dumu lake lilikuwa limejaa, na uso wake haukuwa wa salamu.

"Mama Vifaranga," alisema. "Nimekuja kwako kwa sababu nakuheshimu. Jana ulituambia hayapo, tukakuamini, nimepoteza kazi ya watu. Leo asubuhi yamejaa tele, na jirani zangu wote wa barabarani hawakuona lori. Niambie wewe. Jana yalikuwepo au hayakuwepo?"

Mama Vifaranga alikuwa ameshika ndoo ya mayai kwa mikono miwili. Alimtazama fundi, kisha akaelekeza kidevu kule shimoni.

"Huyo hapo," alisema. "Muulize mwenyewe. Mimi simsemei tena."

Fundi akasogea hadi ukingoni mwa shimo. Ngazi akainua kichwa. Aliliona shati lake la kazi linaning'inia kwenye kamba, akamwona yule mtu wa mabega mapana ambaye angeweza kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la Meneja. Akaegemea jembe, akajifuta jasho kwa mkono.

"Kaka, lori liliingia alfajiri," alisema. "Lilikuwa limezima taa, ndiyo maana hamkuliona."

Dada yake alikuwa amesimama pale pale na ndoo yake, anasikia.